Mkono wa Baba Nyuma ya Datsun

Homa Bay,
17 Julai 1996

Kaka yangu Monari,

Nakusalimu salamu za kutosha, wewe na wanafunzi wako wa huko Gaborone, na natumai kile kifua ulichokuwa ukilalamikia kwenye barua ya Mei kimepoa. Sisi huku tu wazima kiasi. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamenizidi kimo, na samaki wamepanda bei mpaka Nashon, jirani yetu mchuuzi, anajifanya hatujui. Baba anakula vizuri. Habari zake nitakueleza taratibu, kwa hiyo keti kwanza, na usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka barua zangu ndefu.

Nianze na kazi uliyonituma. Nilipokuandikia kwamba daktari amesema moyo wa Baba umechoka na hatakiwi kusukuma chochote, hata toroli, ulijibu haraka, jambo ambalo si kawaida yako. Ulisema niache mambo mengine yote, nitafute stata nyingine ya Datsun na kuifunga, ili Baba asiguse tena gari lile. Maneno hayo uliyapigia mstari mara mbili. Nami nikatii, kwa sababu wewe ndiye mkubwa, na kwa sababu hata mimi nilikuwa namwogopea.

Stata yenyewe ilikuwa imeisha zamani. Tangu katikati ya mwaka wa 1994, ukizungusha ufunguo inagonga mara moja, ta, halafu kimya. Niliifungua nikakuta kaboni zimelika zimebaki vipande vyembamba, na shaba ya ndani imechimbika mifereji. Nikaweka kaboni mpya mara mbili, zote zikaliwa. Na Datsun ile si gari la kupatiwa vipuri kirahisi, kosa ambalo ni lako. Wenzako walikuwa wananunua pikapu za kubebea mkaa, wewe ukanunua gari jekundu la mashindano kwa Mhindi wa Kisumu, milango miwili na pua ndefu, kisha ukaliacha hapa ukaenda kufundisha hesabu Botswana. Ukasema liwashwe kila Jumapili injini isilale. Limewashwa kila Jumapili kwa miaka saba, Kaka, na miaka miwili ya mwisho limewashwa kwa kusukumwa.

Basi nilitia ile stata ya zamani kwenye gunia nikaenda Migori kwa fundi Mniko, Mkuria mmoja mwenye uwanja wa magari mabovu kando ya barabara ya Isebania. Alinitazama sketi yangu ya kanisani na gunia langu begani, akauliza mwenye gari yuko wapi. Nikamjibu kwamba mwenye gari yuko Botswana, na mwenye spana ndiye huyu aliyesimama mbele yake. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Alikuwa na Datsun moja kama yako, imeliwa na kutu, nyasi zimetokea sakafuni, lakini stata yake ilikuwa hai. Aliiweka chini akaikanyaga kwa mguu, akagusisha waya wa betri, ikazunguka kwa nguvu mpaka ikataka kumponyoka. Tukahesabu meno yake na ya ile yetu, yakalingana. Wakati wa kuondoka aliniambia nikichoka na mambo ya Homa Bay nirudi anipe kazi, na sikujua kama anatania.

Niliifunga Ijumaa mchana, mapema, ili Sabato isinikute chini ya gari. Nilichomoa waya wa betri kwanza, kama ulivyonifundisha kwa kunichapa mkono kila niliposahau. Bolti ya chini ilitoka bila maneno. Ya juu ilikataa kabisa, nikaimwagia mafuta ya taa, nikaiacha, nikarudi, bado ikakataa, hadi Nashon akaja na kipande cha bomba la maji tukaongezea spana urefu. Ilipoachia alianguka chali, akanilaumu mimi, akaenda zake kuuza samaki. Nikapandisha stata ya Mniko, nikakaza bolti zote mbili, nikarudisha nyaya. Baba alikuwa ndani amelala. Nilizungusha ufunguo mara moja tu, gari likawaka. Sitakuficha, nilikaa kwenye kiti chako nikacheka peke yangu, nikasema Monari akisikia hii atanisifu.

Sasa ndipo nikueleze jambo ambalo sijawahi kukuandikia.

Baba anasahau. Si kusahau kwa wazee wote, kusahau alipoweka kofia. Ananiita kwa jina la Mama, ananiuliza kama nimelisha ng'ombe tuliouza kabla hujaondoka. Macho yake nayo yameingia ukungu, akiona mtu anaona kivuli. Zile barua nilizokuandikia kwamba Baba anasema hivi, Baba anakuuliza vile, nilizitunga mwenyewe hapa mezani. Nilijua ungeumia uko mbali, na nilitaka ukae na Baba unayemjua.

Lakini kuna kitu kimoja hakukisahau. Si unakumbuka asubuhi uliyoondoka, nilipokusindikiza stendi ili nirudishe gari, Datsun ilikataa kuwaka, na Baba akavua koti lake la Sabato akaisukuma hadi langoni? Aliweka viganja vyake juu ya buti, nyuma ya gari, akaomba kwanza, ndipo akasukuma, akikupigia kelele ushike gia ya pili. Jumapili ya kwanza stata ilipokufa, mimi nilikuwa kwenye usukani na Nashon nyuma. Baba alitoka ndani bila kuitwa. Akaweka viganja vyake palepale, akaomba safari njema, akasema Monari ashike gia ya pili. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba ni mimi Orpah. Nashon akanitikisia kichwa. Basi nikapiga honi, nikamwona kwenye kioo anatabasamu. Tangu Mama afariki sikuwa nimemwona anatabasamu vile.

Hivyo ndivyo Jumapili zetu zilivyokuwa. Nashon ndiye mwenye nguvu, Baba anaweka mkono na maombi, mimi nashuka na gari mpaka sokoni nasubiri. Nikirudi Baba amelala usingizi wake wa asubuhi, naegesha nyuma ya nyumba, napitia mlango wa jikoni. Akiamka ananiuliza Monari yuko wapi, namwambia ameleta gari, ameenda mara moja hapo karibu, Rodi Kopany, kumwona mtu. Anaridhika. Anakula ugali wote siku hiyo. Kwa Baba, Kaka, hukuwahi kwenda Botswana. Unaenda Rodi Kopany tu, na kila Jumapili unarudi.

Kisha daktari akasema asisukume, nawe ukapiga mistari yako miwili.

Jumapili ile baada ya kufunga stata alitoka kama kawaida. Nashon alisimama kando, mikono mifukoni. Baba aliweka viganja vyake juu ya buti, akafumba macho aombe. Mimi mjinga nilitaka kumwonyesha, nikazungusha ufunguo, gari likawaka hata kabla hajasema amina, nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona amebaki na mikono yake mbele, imeshika hewa.

Nilirudi upesi. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ameelekea langoni, akaniuliza ni nani yule aliyeendesha gari la mwanawe. Nikamwambia ni Monari. Akasema hapana, Monari hawezi kuondoka hapa bila mkono wake. Halafu akili yake ikafunguka yote kwa mara moja, jambo ambalo halikutokea mwaka mzima. Aliniita kwa jina langu. Akauliza wewe uko wapi, na ni miaka mingapi. Sikupata uongo wa karibu, nikamwambia saba. Alilia kama mtoto, Monari, na mimi nikalia naye, na siku tatu hakula kitu isipokuwa uji niliomlazimisha. Siku ya nne alikuwa amesahau tena kilichomliza, lakini huzuni yenyewe haikumtoka.

Kwa hiyo naungama. Alhamisi hiyo nililala chini ya Datsun nikaitoa stata ya Mniko, nikairudisha ile iliyokufa. Nashon alinikataza, akasema, omera, rafiki yangu, utamuua mzee. Nikamwambia nimeona namna mbili za kumuua, na katika hii walau anacheka. Sasa Nashon analeta wapagazi wawili wa gati, na Baba namwomba aguse tu. Lakini hagusi tu. Jumapili iliyopita alisukuma hadi midomo ikabadilika rangi, kisha akakaa chini anacheka, akasema Monari amekuwa mzito, lazima huko Rodi Kopany wanamlisha vizuri.

Usinitumie stata, Kaka, wala usinipigie mistari. Miaka mitano sasa, kila Desemba, umetuandikia kwamba unakuja. Mimi naweza kufungua na kufunga kila bolti ya gari lako, lakini hili siliwezi, na nimechoka kuwa wewe. Nakutaka wewe mwenyewe, hata mimi, si Baba peke yake.

Ukifika usiingie kwa lango ukisalimia watu, atakuona kivuli kama sisi wengine. Shukia kwa Nashon, ungojee Jumapili. Kaa kwenye usukani, mwache aguse buti, mwache aombe mpaka mwisho. Halafu usiende popote. Fungua mlango, Kaka, utoke. Jumapili zote hizi Baba amesukuma, na hajaona hata siku moja mtu akitoka ndani ya gari lile.

Nashon anakusalimu, na kanisa zima la hapa. Mungu akulinde njiani, maana nitaanza kukuombea safari leo hii.

Ni mimi dadako akupendaye,
Orpah