Riwaya Zilizofungiwa Stoo

Mtendeni,
Tabora.
10 Mei 2024

Mpendwa shangazi Leonia,

Shikamoo. Habari za Songea na baridi yake? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua inasaidia? Huku hatujambo, mama anakusalimu sana. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimejaa hasira, na wewe uliyeshika chaki miaka thelathini utanielewa.

Unajua nafundisha Kiswahili sekondari huku upande wa Kwihara. Mwaka huu nilikataa kuwapa kidato cha tatu muhtasari wa riwaya. Niligawa vitabu vyenyewe, waende navyo nyumbani, wawasomee wazazi kwa sauti wakichambua tumbaku, kesho yake waje na maswali ya huko. Shangazi, watoto waliokuwa wakisinzia darasani walianza kubishana.

Mkuu wa shule akaona madoa ya tumbaku kwenye kurasa. Akavifungia vitabu vyote stoo, tukiwa sura ya tisa! Akaniamuru niandike ubaoni dhamira na tabia za wahusika, wanafunzi wanakili, wakariri. Kweli, kitabu kisichosomwa hakichafuki. Sasa shule ni ya nini?

Alhamisi akaja ofisini kwa mkuu, nami nikiwepo, Zablon, baba wa mwanafunzi wangu Kabula, na vumbi lake la baiskeli. Akauliza kwa adabu kama yule mjane wa kitabuni alirudishiwa nyumba, maana wamekatizwa hapo na mkewe hana raha. Mkuu akakohoa, akanitazama mimi. Hajui! Amefundisha riwaya hiyo miaka kumi na miwili kwa muhtasari tu.

Zablon akamwambia, "Mwalimu, kama nawe hujui, si ufungue tusome wote?"

Badala ya kumjibu, mkuu akaniandikia mimi barua. Jumatatu ya tarehe 20 nafika mbele ya bodi ya shule kujieleza kwa nini nilitoa mali ya shule nje. Naogopa, sikufichi, wanaweza kunihamisha. Lakini radhi siombi ng'o.

Nisalimie Revocatus, Advera na wanawe. Mungu akulinde, akupe hatua nyepesi. Unikumbuke katika sala Jumatatu hiyo asubuhi. Zablon naye anakuja na wazazi wenzake, na wameapa kumuuliza kila mjumbe wa bodi habari za yule mjane kabla mimi sijaulizwa lolote.

Mwana wa kaka yako, akupendaye daima,
Marcelina