Sekunde Nne za Mashine Yangu

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya pili gatini Malindi. Abiria wa Pemba wamelalamika kuwa meli inayumba mno, na wenye meli wanataka kujua inayumba kiasi gani. Mashine mbili za upimaji, zote nchi kavu. Yangu juu ya ukuta wa Mizingani, inafuata kioo kilichofungwa omo, mbele kabisa. Ya Mtumwa gatini, inafuata kioo cha tezi, nyuma ya meli. Kila asubuhi tunaziweka meza moja na kulinganisha saa zake, ndipo tunaachana. Saa zikipishana, vipimo ni bure.

Mtumwa ni binti wa Tumbatu, mwezi wa tano kazini, bado yumo kwenye majaribio chini yangu. Ananiita Ami, kama ndugu wa baba yake. Ana jicho kunishinda, ingawa sijamwambia. Jua kali. Magoti yanauma.

Jumanne, 4 Februari

Maziko ya jirani yetu wa Mpendae. Siwezi kukosa maziko ya jirani. Mashine ilikuwa nyumbani kwa ajili ya chaji, nikaenda nayo makaburini Mwanakwerekwe ndani ya gari, kisha moja kwa moja Mizingani. Kuiwasha, saa yake ya ndani imefutika. Simu nimeisahau kitandani.

Nikatumia saa ya mkononi. Saa yangu iko mbele dakika tatu, kama ya nusu ya watu wa mtaani kwetu, ili sala ya jamaa isitupite msikitini. Nikatoa dakika tatu, nikaingiza. Mtumwa akauliza kwenye redio, "Ami, saa ushailinganisha?"

"Nshailinganisha," nikamjibu.

Kwenda gatini kuzilinganisha ni mwendo wa dakika kumi tu. Lakini mizigo ilikwishaanza kupakiwa, na nilikuwa nimechoka.

Alhamisi, 6 Februari

Bwana Haroub, mkuu wetu, ametuonyesha michoro ya Jumanne. Omo inainama kulia, tezi inainama kushoto. Meli inajikamua kama shuka iliyofuliwa. Chuma hakijikamui. Akamtazama Mtumwa. Akamuuliza Mtumwa. Mimi hakuniuliza kitu. Miaka ishirini na sita kazini, nani ataniuliza?

Nikakusanya karatasi zangu.

Nyumbani nikaiweka saa ya mkononi kando ya simu. Iko mbele dakika tatu na sekunde nne. Meli ile hulala na kurudi kwa sekunde kama nane. Nne ni nusu yake. Basi omo ikirudi, tezi ndiyo kwanza inalala. Kosa ni langu lote. Mke wangu akauliza kwa nini sili. Nikasema tumbo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekaa safu ya mbele na sikusikia hotuba. Mwoga. Sina neno jingine.

Jumamosi, 8 Februari

Haroub hataki kutia saini karatasi ya Mtumwa ya kuajiriwa. Anasema msichana hawezi kuachiwa mashine. Majaribio yanakwisha wiki ijayo, baada ya hapo arudi kwao. Nikasema, "Mpe muda kidogo." Hayo ndiyo niliyosema. Nikajifanya mtu wa huruma.

Mtumwa alisikia. Akanifuata mpaka kwenye gari. "Ahsante, Ami, kwa kunisemea."

Nikapokea shukrani yake. Najichukia.

Jumatatu, 10 Februari

Mtumwa ameikagua mashine yake tangu asubuhi, peke yake juani, akitafuta kosa ambalo halimo. Akaniomba nimsaidie. Nikainama kweli, nikachungulia, nikakaza parafujo ambayo haikulegea. Mtu mzima, na mvi zangu.

Hapo ndipo yaliponishinda. Nikamwambia yote: maziko, saa ya mkononi, sekunde nne. Akanigeukia.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Nlikushukuru Jumamosi," akasema. Akaanza kufunga mashine yake ndani ya sanduku.

Nikaenda kwa Haroub. Nilitarajia anifokee, na nilitaka anifokee. Akacheka. "Aa, Nassor. Yanatokea." Akavisogeza vipimo vyangu sekunde nne kwenye kompyuta, na meli ikanyooka mbele ya macho yetu. Hata dakika tano hazikufika. Alhamisi pia zingetosha. Mtumwa alikuwa hafai, mimi yanatokea. Karatasi yake imetiwa saini. Haroub hakumwomba radhi. Mimi nimemwomba, akasema amenisamehe, na nadhani ni kweli.

Jumatano, 12 Februari

Tumepima kwa mara ya mwisho. Bahari shwari, vipimo vizuri. Mtumwa aliniamkia, nikamwitikia. Tulisemezana kazi tu.

Jumatatu, 17 Februari

Barua ya Mtumwa imeletwa mezani kwangu, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wake. Anaomba kuhamia kwa wale wanaopima mipaka ya msitu wa Jozani. Sababu aliyoandika ni kwamba angependa kujifunza upimaji wa ardhi. Jina langu hakulitaja popote. Nimeisoma mara mbili. Chini kuna mahali pa msimamizi kuandika kama ana pingamizi. Nimeandika kuwa sina, nikatia saini, nikaenda kuswali alasiri.