Gari Lako Jekundu na Njia ya Kwa Bibi

Baba,

Shikamoo. Nimeitoa kwa sababu mama alinifunza adabu. Marahaba yako baki nayo hukohuko Isaka.

Ujumbe wako umenifikia kupitia baba mdogo Masanja. Unaumwa, chumba ulichopanga kinachemka kwa joto la mabati, na unataka mimi, binti yako mkubwa, nije nikurudishe kijijini ukafie mikononi mwa mama yako. Jibu nalituma wazi kwa ukoo mzima, maana ukoo mzima uliuambia kwamba njia ndiyo iliyomuua mama yangu.

Unakumbuka duara lako, lile shimo la machimboni, lilipotema dhahabu? Wenzako walinunua mashine za kusaga mawe, wengine ng'ombe. Wewe, mwenye watoto watano, ukaja na gari jekundu la milango miwili, pua chini kama mbwa anayenusa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nililipenda, nisiseme uongo. Ulinizungusha soko zima la Katoro vioo vikiwa wazi, ukaniambia, "Sikia linavyonguruma, mayu," ukiniita mama kwa Kisukuma. Mama alisimama mlangoni na mdogo wetu mgongoni.

"Sisi wengine tutapanda wapi, Baba Limi?"

"Hili si gari la kubeba ukoo."

Mama akacheka, maskini, akidhani ni utani.

Halafu ukaja ule mwezi wa nane. Mama nami tulikuwa kwa bibi, mama yako, tukisaidia kuvuna pamba, mimba yake ikaharibika, damu ikawa haikatiki. Baba mdogo akapanda kichuguu kutafuta mtandao, akakupigia. Ulikuja mpaka njia panda, kwenye barabara kuu, ukazima injini. Ukamwambia kwenye simu, "Hili likiingia huko linaacha injini njiani. Mleteni na mkokoteni." Kilomita kumi na moja, baba, jua la saa sita. Bibi alihangaika kufunga ng'ombe, dume moja likagomea nira. Nilitembea kando ya mkokoteni nikimfunika mama kwa kanga. Aliuliza kama umefika, nikamwambia umefika. Alikata roho kabla hatujaiona barabara kuu. Tulikukuta umeegesha kivulini, kiti cha mbele umekilaza na kukitandika nailoni ili damu isikiguse.

Sasa nina duka langu Katoro, nauza pampu na kamba za maduarani, na nimefikia kununua gari. Mwezi huu muuzaji mmoja hapa mjini ameleta magari matatu ya aina ileile uliyokuwa nayo: jipya kabisa, la katikati, na la zamani, pacha wa lile lako mpaka rangi. Nikamwambia nitayajaribu yote, na si kwenye lami tu.

"Mama, haya ni magari ya lami," akanionya.

"Najua. Ndiyo maana."

Akakubali kwa sharti moja, kwamba nitakalolipasua ni langu. Nikampakia baba mdogo pembeni, yule yule aliyeongoza ng'ombe siku ile. Moyoni niliweka nadhiri: la zamani likikwama, ulisema kweli, na nitakuja kukuchukua kama mtoto anavyomchukua mzazi wake.

Nilianza na jipya. Linawaka kwa kubonyeza, usukani unauzungusha kwa kidole kimoja, kiti kinakubana mbavu kwa upendo. Kwenye lami lilikimbia mpaka baba mdogo akaanza kusali. Lakini baada ya njia panda, kwenye korongo la kwanza tu, kengele zake zote zikalia na bampa ikakwaruza chini, nikarudi kinyumenyume. La katikati lilifika mtoni, likakalia tumbo mchangani, tukalitoa kwa ng'ombe wa watu. Nilifurahi, baba. Nililia kwa furaha palepale mtoni, nikidhani nakupata tena.

La zamani ni zito. Usukani unataka mabega, klachi inataka paja, na ndani kunanuka petroli. Kwenye lami ndugu zake wanaliacha mbali. Lakini limeinuka kuwapita kwa vidole vinne hivi, na tairi zake ni nene. Korongo lililivuka kwa ubavu, mchanga wa mtoni likaumaliza kwa gia ya pili. Liligusa chini mara mbili, basi.

"Labda njia wameitengeneza," nikamwambia baba mdogo, nikiomba aseme ndiyo.

Akaangalia nje ya dirisha. "Greda halijawahi kufika huku. Wakati ule ilikuwa nafuu kuliko sasa."

Dakika thelathini na tano kutoka njia panda tukawa uani kwa bibi. Nilishindwa kushuka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ina kilomita kumi na moja. Hukuogopea injini, uliogopea rangi. Nakuchukia kwa hilo, na nimeandika hivyo nikiwa nimetulia.

Bibi akatoka, akapapasa boneti, akasema maneno anayoyasema kila nikienda. "Mjukuu wangu, ningewahi kufunga wale ng'ombe, mama yako angekuwepo." Miaka yote hii anajihukumu yeye.

Nimelinunua hilo la zamani. Nadhiri hainidai kitu, lakini Jumamosi nakuja nalo Isaka, uwe umejiandaa. Utakaa mbele, nitaendesha taratibu, na pale njia panda sitasimama. Utaliona kila shimo mpaka tufike. Bibi atatoka kukupokea akiwa hajui lolote, maana kusoma hajui, na ndugu wote wanaosoma hapa nimewaomba wanyamaze. Sababu ya mama kufa utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla hajakushika mkono.

Ni mimi,
Binti yako mkubwa.