Nyumba Inavuja Upande Wako

Masisi, tarehe 9 mwezi wa sita, 2025

Mume wangu Papa Astrid,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mama yako na kwa Astrid. Sisi ni wazima, ila magoti ya mama yanamsumbua kila asubuhi. Na wewe je? Kile kikohozi kimeisha? Unakula? Usinijibu "nakula" tu, niandikie unakula nini.

Huku mvua imekata. Hili ni juma la pili bila tone, na kilima kizima kimeshika majembe. Kila mtu anatengeneza kwake. Jirani yetu Emérence anakandika ukuta peke yake, maana tangu vita vya mwezi wa kwanza Théophile wake hajulikani alipo. Mimi mume wangu anajulikana alipo, yuko Walikale anachimba mawe, lakini ukuta wangu umepasuka kuliko wa Emérence.

Kazi ziko hivi. Ukuta wa nyuma unataka udongo mpya. Mtaro umejaa, maji yanaingia jikoni. Ua wa miyenzi umevunjwa na ng'ombe. Na paa. Yale manjanja kumi, mabati mapya tuliyonunua Sake, bado yako nyuma ya kitanda, yamefungwa kamba yako. Matundu ya risasi ni kumi na moja, nimeyahesabu nikiwa nimelala chali. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa inashuka upande wako wa kitanda tu, kama imeambiwa hupo. Nimeweka sufuria hapo. Nalala na sufuria, Papa Astrid.

Mama yako amenikataza hata kugusa ngazi. Unamjua. Alisema: "Mwanamuke hapandake ku nyumba na bwana yake angali muzima. Ukipanda, unasema amekufa."

Ulisema kiangazi kikianza utakuja. Kimeanza.

Mimi bibi yako,
Mama Astrid


Omate, Walikale, tarehe 27 mwezi wa sita

Mama Astrid wangu,

Nakusalimu sana, wewe na mama na mtoto. Barua yako Jean-Bosco alinifikishia na alama ya tope la pikipiki yake. Niliisoma mara tatu. Nakula sombe na ugali, na samaki akipatikana. Kikohozi kimeisha. Magoti ya mama yapake mafuta ya moto, hata akikataa.

Simu isahau, ilibaki ndani ya shimo. Tuandikiane hivi hivi.

Barabara bado ni mbaya. Kutoka hapa mpaka kwetu baryeri za kufunga njia ni nyingi, na kila moja ina wenye bunduki wake. Nikipata njia nitakuja, niamini. Kwa sasa anza na za chini.

Udongo usiuchimbe karibu na choo, chukua ule mwekundu wa chini ya migomba. Loweka siku mbili, changanya na majani makavu yaliyokatwa mafupi, kanyaga mpaka ushike mguu. Ukikauka, paka mavi ya ng'ombe na majivu, mkono wazi, kutoka chini kwenda juu. Mtaro uanzie kwenye jiwe kubwa, uelekee kwa Emérence, lakini umwambie kwanza asije akadhani unamtumia maji. Miyenzi ukiikata, geuza uso. Maziwa yake yakiingia jichoni utalia mpaka jioni.

Paa usiliguse. Hiyo kazi ni yangu.

Unaona nimeandika ukurasa mzima kuhusu udongo. Huku nina muda mwingi wa kuiwaza nyumba.

Mumeo,
Papa Astrid


Masisi, tarehe 18 mwezi wa saba

Papa Astrid,

Salamu kutoka kwetu sote. Tuko wazima. Nadhani na wewe uko mzima, kwa vile hukuandika kitu chochote juu ya mwili wako zaidi ya sombe.

Ukuta umekwisha, na ni laini kama tumbo la mtoto. Mama alipita akaugusa, akasema mkono wangu ni mzito. Kesho yake nikamkuta amemwita Emérence aje auone. Mtaro umekwisha pia. Miyenzi nayo nilikata nikiwa nimegeuza uso ulivyosema, upepo ukageuka nao. Nililia mpaka jioni ulivyosema. Mama alinimwagia maziwa ya ng'ombe jichoni huku ananitukana.

Kazi ingekuwa imekwisha mapema, lakini kila Alhamisi tunaitwa kwenye salongo, kazi ya lazima. Wenye bunduki walio juu ya kilima wanataka mashimo yao ya kujificha, na sisi ndio wachimbaji. Hawaruhusu mtu kushuka hata sokoni bila kuwaomba. Naamka, naona kilima, ua, ukuta niliokandika mwenyewe. Siku nyingine najiona kama nimejijengea jela na kuipaka majivu.

Sasa nikuulize. Jean-Bosco anapita kwenye hizo baryeri kila majuma matatu. Mara ya mwisho alikuwa amebeba mama mmoja na mbuzi. Mbuzi anapita, Papa Astrid, wewe hupiti? Nilimuuliza Jean-Bosco kama uko mzima. Akainama akaanza kukaza bolti ambayo haikuwa imelegea.

Kama kuna mwanamke mwingine huko, niambie. Nitaumia, lakini nitajua nimesimama wapi. Kungoja bila kujua ninachongoja ndiko kunakonimaliza.

Bibi yako,
Mama Astrid


Omate, tarehe 6 mwezi wa nane

Mama Astrid,

Salamu. Niko sawa.

Hakuna mwanamke mwingine. Ninaapa kwa jina la Astrid.

Kazi ya huku haijaisha, ndiyo sababu. Mwisho wa mwezi huu nitakuja kupanda mwenyewe. Mwambie mama. Misumari iko kwenye kopo la maziwa juu ya mlango. Usikubali mtu mwingine apande. Watu watasema nini, mwanaume mwingine juu ya nyumba yangu?

Papa Astrid


Masisi, tarehe 30 mwezi wa nane

Papa Astrid,

Mama anakusalimu. Mtoto anakusalimu. Mimi nina hasira, lakini nakusalimu.

Mwezi umekwisha. Mvua ya kwanza imenyesha jana mchana, ndogo, lakini ilitosha. Ule ukuta niliokandika siku kumi na mbili umelowa kutoka juu, kwenye kona ya upande wako, na kipande kikubwa kama sinia kimeanguka. Nilikaa chini nikakitazama. Sikulia. Emérence alipita, akakaa nami.

Manjanja ninayo. Misumari ninayo. Mikono ninayo. Ngazi imesimama nyuma ya jiko, kuku wanalala juu yake. Mwanaume mwingine umemkataa. Mimi mwenyewe mama ananikataza. Na wewe huji. Basi niambie nyumba hii itaezekwa na nani? Mvua kubwa ikija, ukuta wote utashuka, na hakuna pa kwenda, maana kilimani hatutoki.

Nipe jibu moja: unakuja, ao nipande. Usiniandikie habari za barabara.

Verdiane


Mubi, tarehe 11 mwezi wa tisa

Verdiane,

Nakusalimu kwa jina lako kwa sababu uliweka jina lako.

Ona nilipoandika juu. Siko Omate. Tangu mwezi wa tano niko Mubi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mtu mwenye huruma. Nakaa juu ya pipa mlangoni, natazama malori.

Mwezi wa nne shimo lilianguka. Wawili walibaki chini. Mimi walinivuta, lakini mguu wa kushoto ulikuwa umesagika, ukaoza. Waliukata chini ya goti. Kidonda kimekauka sasa, usiogope. Natembea na miti miwili chini ya kwapa. Jean-Bosco nilimwapisha asiseme, usimlaumu.

Sikukuambia kwa sababu ya ile ngazi. Nitakuandikiaje kwamba mwanaume wa nyumba hawezi kupanda hata jiwe? Nilisema nitafute kwanza njia ya kufika, halafu utaona mwenyewe. Nilijaribu mara mbili. Kwenye baryeri ya pili, wenye bunduki wakiona mwanaume amekatwa mguu, hawaulizi habari za shimo. Wanasema ni askari wa upande ule mwingine, aliumia vitani. Mara ya kwanza walinirudisha. Mara ya pili walinilaza chini juani mpaka Jean-Bosco akawabembeleza. Mbuzi anapita, Verdiane. Mimi sipiti.

Kila kazi ya nyumba nilikuandikia kwa sababu ndiyo namna pekee niliyobaki nayo ya kuifanya. Paa nilijiwekea. Niliona aibu, na aibu hiyo imekuangushia ukuta. Nisamehe.

Panda. Vua viatu. Kanyaga penye mstari wa misumari tu, hapo ndipo mti ulipo, kwingine utatumbukia. Anza chini, manjanja ya juu yalalie ya chini kwa upana wa kiganja. Kila msumari uvishe kipande cha mpira, kata kandambili zangu za zamani. Sizihitaji zote mbili.

Haya yafuatayo msomee mama kwa sauti: "Mama, mimi niko muzima. Nimepunguka, lakini niko muzima. Verdiane apande. Akipanda, haniui."

Mumeo,
Mbonigaba


Masisi, tarehe 24 mwezi wa tisa

Mume wangu Papa Astrid,

Salamu nyingi, nyingi sana. Kidonda kinauma ukigeuka? Miti yako ina kitambaa juu, ao inakuchubua kwapa? Niandikie hayo, sasa huna cha kuficha.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa kwenye majivu. Nilikulilia, halafu nikakutukana. Miezi mitano, Mbonigaba. Ulifikiri niliolewa na mguu?

Mama nilimsomea kwa sauti. Aliniomba nisome tena pale penye "muzima". Halafu akatoka, akafukuza kuku, akaibeba ngazi mwenyewe na yale magoti yake mpaka ukutani. Akasema: "Panda, mutoto. Ngazi mi njo naishika."

Nilipanda saa tatu asubuhi, miguu mitupu. Nilikanyaga penye misumari. Nilikuwa nakusikia kila hatua, lalisha kwa kiganja, visha mpira. Ilipofika saa sita nilikuwa nimepiga manjanja sita.

Hapo ndipo nilipoona watu. Walikuwa wanashuka kutoka ng'ambo ya bonde kwa mstari, wanawake wametangulia, wengine na kuni kichwani, mmoja na kikapu cha maharagwe. Nikadhani ni salongo. Walipokaribia nikasikia wanalia. Walikuwa wameona mwanamke juu ya nyumba yako, Papa Astrid. Wamekuja kwenye matanga yako.

Mama aliwapigia kelele bila kuiacha ngazi: "Munaliliya nani? Mutoto wangu iko Mubi, anakula sombe!" Wengine waliona haya, wengine wakacheka mpaka wakakaa chini. Emérence peke yake hakunyamaza. Alilia kuliko wote, na hakuna aliyemuuliza anamlilia nani.

Kuni hawakuzirudisha. Walisema wamekwisha kuacha kazi zao, basi wafanye yangu. Niliwaeleza habari ya mguu wako, kila kitu, nikiwa bado juu. Wakabomoa ngazi tatu za udongo za mlangoni, wakaweka mteremko mrefu wa udongo na kokoto, usioteleza. Kwenye choo wamechimbia mti wa kushikilia. Mlango tumeupanua kwa upana wa viganja viwili, miti yako ipite, na jioni manjanja yote kumi yalikuwa juu.

Kutoka juu niliona barabara mpaka kwenye kona ya baryeri. Haikuwa na mtu. Sitakudanganya, sijui utapita lini, na wewe hujui. Jean-Bosco anasema hata yeye hii ni safari yake ya mwisho mpaka wenye bunduki waelewane huko mbele. Basi huenda hii ndiyo barua itakayokaa kwa muda mrefu. Isome polepole.

Mvua kubwa imekuja juzi, imenyesha siku mbili bila kupumzika. Ukuta umesimama. Sufuria nimeirudisha jikoni, na mama ameipikia maharagwe ya matanga yako.

Nimepapasa upande wako wa kitanda. Ni mkavu.

Mimi bibi yako,
Mama Astrid