Mkono wa Kushoto Haumo Pichani

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Sisi huku wazima, ila roho imenichafuka.

Mwaka huu huku zimamoto wameanza kutulaza kwenye ile mashine ya picha inayopima mafuta na misuli. Mafuta yakizidi asilimia ishirini na tano, hupandi gari. Jumatatu nilipata ishirini na nne na nusu. Karatasi ikapotea ofisini, nikapimwa tena Alhamisi: ishirini na sita! Siku tatu, dada! Nimenenepa lini? Miaka kumi na minne nimeshika mpira wa maji mbele ya wenzangu, leo nimewekwa mezani kupokea simu. Wewe kazi yako ni hiyo hiyo ya kulaza watu kwenye mashine. Niambie ukweli, inadanganya?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia watu. Mwandiko wako wa kushoto bado ni kama kuku kaparua. Shemeji yako ameshindwa kuusoma.

Mashine haidanganyi, ila haina akili. Nikimlaza mtu, akashuka, nikamlaza tena hapo hapo, namba husogea kidogo. Akila au akinywa maji mengi kabla, husogea tena. Kumwondoa mtu kazini kwa pointi moja ni uonevu. Halafu wewe una mabega kama mlango! Usikubali namba tupu, dai picha yenyewe. Angalia kama mikono yote miwili imo ndani ya mstari wa picha; mkono ukibaki nje, misuli yake haihesabiwi na asilimia ya mafuta hupanda.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole ya mgongo. Picha nimeipata baada ya kuzungushwa siku nane. Mkono wa kushoto haumo! Umekatika chini ya bega. Mpimaji wa Jumatatu alinibana kwa shuka nikaenea. Wa Alhamisi alikuwa na haraka zake.

Nikamwambia mkubwa wangu wa kazi, "Huyu wa pichani ana mkono mmoja. Mimi ninayo miwili, hesabu." Akajibu karatasi ina muhuri. Muhuri! Nimechoka, dada.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, jipe moyo. Barua yako imeninyima raha. Nimepitia picha nilizopiga mwenyewe mwaka huu. Watu wapana kumi na mmoja nimewakata mikono, na picha zote nimezitia sahihi. Naona aibu. Nimeanza kuwaita mmoja mmoja.

Barua ya kumpa mkubwa wako hii hapa. Nimemweleza upimwe upya, mara mbili, na mtu yule yule. Mpe mkononi.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mkubwa amesoma barua yako akacheka: "Dada mtu atasema nini?" Akanitupia fomu ya rufaa.

Jana ghorofa la karibu na soko liliungua. Simu niliipokea mimi, nikabaki kwenye kiti nasikiliza king'ora kikiishia mbali. Wote wamerudi, ila aliyeshika nafasi yangu ameteguka bega. Nimelia chooni, sikufichi.

Fomu inataka nieleze kasoro ya kipimo kwa mwandiko wangu. Nimejaza kurasa mbili. Chini nimeandika: "Maelezo haya yameandikwa kwa mkono usiokuwemo pichani." Wakishindwa kuusoma mwandiko, waniite niwasomee.

Mdogo wako