Hatua Thelathini Kutoka Mlango wa Kanisa

Mzee wangu Bulambo,

Tumempata. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira ya salamu ndefu.

Kitanda chako kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley kina bibi mmoja mpole, hasusii uji kama wewe. Namwogesha kila asubuhi, na kila asubuhi nakukumbuka. Nilikuwa nakuogesha uliponisimulia kwamba vita vilipopita kijijini kwenu, wewe na shemeji yako mliwaokota askari waliouawa, wa serikali na wa waasi, mkawazika safu moja nyuma ya kanisa. Nikauliza kwa nini hamkuwatenga. "Mutu akishakufa hana tena upande," ulinijibu. Kisha ukamtaja mmoja mwenye pengo la meno na mkono usio na kidole gumba. Kitambaa kiliniponyoka. Huyo alikuwa kaka yangu, Byamungu, askari wa serikali.

Miaka yote hiyo Mama alikataa kuondoa matanga. Alisema hawezi kumaliza msiba wa mtoto bila kujua alikolala, naye nguvu zinamwishia.

Ulinichorea ramani nyuma ya karatasi ya ibada: hatua thelathini kutoka mlangoni, kuelekea mtoni. Ulipokwisha kutuacha, binamu zangu kule nyumbani wakapewa ruhusa, wakahesabu, wakachimba. Hakuna kitu. Mama akanipigia simu, akasema yule mzee wenu wa Amerika alisahau. Nilikukasirikia, Mzee, nawe umo kaburini. Nisamehe.

Siku moja, nikiwa kwenye treni kwenda Saint Paul, nikakumbuka kwamba hatua zile mlizihesabu mkiwa mmebeba maiti. Nikawaambia binamu wabebe gunia la mihogo kwenye blanketi, wawili, ndipo wahesabu. Thelathini zao ziliisha kabla ya kufika shimo la kwanza. Wakachimba, wakawakuta hapo, tisa, wamenyooshwa vizuri, kila mmoja na kipande cha turubai usoni. Asante, Mzee. Ulikuwa na haraka, risasi bado zinalia, na bado uliwafunika nyuso.

Jumamosi Mama alimzika mwanawe, akanyoa nywele. Aliyelala ubavuni mwa Byamungu alivaa magwanda ya waasi. Nikitazama kwa simu, nilidhani Mama atamsogeza mbali. Alimlilia naye, akamwita "mwanangu", mpaka mama yake apatikane.

Kumtafuta mama huyo ni kazi yangu sasa, nakuahidi. Lala salama, Mzee.

Binti yako wa uji,
Neema