Mstari Mmoja Chini ya Makala Yetu

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umekaa, na viatu vya kazini umeshavivua. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie yale mazoezi aliyopewa ayafanye, si awasimulie majirani. Shemeji naye msalimie sana, na umwambie kwamba zile drafti alizonifunga siku ile nimeshazisahau, kwa hiyo naye azisahau. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anadai nimenenepa hadi kiti changu cha kazini kimeanza kunung'unika. Mimi nasema kiti ni kibovu. Tumeachiana hapo.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kuulizia goti la Mama. Kwenye simu mimi ni fundi wa kuzungukazunguka, nawe una ile "sawa kaka" yako ya upole inayonifanya nijione nimemaliza kusema kumbe hata sijaanza. Karatasi angalau inanisubiri.

Ni kuhusu kazi yetu ya kadi. Unakumbuka nilivyokujia na wazo langu la kuifundisha kompyuta kusoma mwandiko wa wauguzi kwenye kadi za zahanati. Nilikuja kwako kwa sababu wewe ni muuguzi, na mwandiko ule ambao sisi wengine tunauona kama kuku kapita, wewe unausoma kama gazeti. Ukanakili kadi elfu nne na mia mbili. Kila alasiri ukitoka zamu, mezani pale kwenye kitambaa cha plastiki, rula chini ya kila mstari ili jicho lisiteleze. Mimi nilikuja kila Jumamosi kuchukua zilizokwisha, nakula biskuti zako na kukuita msaidizi wangu wa utafiti, nawe unanijibu kwamba kwa unavyoona wewe, msaidizi ni yule anayekula biskuti.

Makala ilipokamilika nikaipandisha kwenye ile maktaba ya mtandaoni ambako watafiti wa akili bandia duniani kote huweka kazi zao, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bure. Jina langu la kwanza, lako la pili. Ukawatumia ukoo mzima. Shemeji akauliza mbona hakuna picha yako. Mama akaomba asomewe, na baada ya aya mbili akasema ni nzuri ila ipunguzwe. Tuliandika kwamba kompyuta yetu inasoma sawasawa kadi tisini na sita katika kila mia, na kwa miezi minane nilitembea nimetanua kifua, kitu ambacho kwa umbo langu hakikuhitaji juhudi.

Kisha msichana mmoja mtafiti, wa mbali, akaniandikia kwa adabu kabisa. Alitaka kujua kama kuna uwezekano kwamba baadhi ya kadi tulizotumia kuifundishia kompyuta ndizo hizohizo tulizotumia kuipima. Nilikwenda kuangalia nikiwa nimeshamkasirikia. Nikakuta kadi mia sita ziko pande zote mbili. Ni sawa na mwalimu kuwagawia watoto maswali na majibu yake, halafu kutangaza kwamba darasa limefaulu. Nilipozitoa na kupima upya, zile tisini na sita zikashuka hadi sabini na moja.

Nikakupigia, nikakwambia makala inabidi iondolewe kwa sababu za kitaalamu. Ukaniuliza moja kwa moja kama kosa liko kwenye kadi zako. Nikasema hapana. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo neno la kweli la mwisho nililokwambia kuhusu jambo hili.

Mwezi uliopita ukaenda kwenye usaili wa ukuu wa kitengo cha kumbukumbu pale hospitalini kwenu. Miaka kumi na nne umeitaka nafasi ile. Ulipokosa ulinipigia ukaniambia huenda uliongea mno, au ile blauzi ilikuwa na rangi kali. Nami nikakufariji kwamba nafasi hizi zina wenyewe. Shemeji akaunga mkono, tukawasema wakubwa wa hospitali hadi tukaridhika.

Jumanne hii nilikuwa kwenye duka la kuchapisha, nasubiri mitihani ya wanafunzi wangu itoke. Akaingia yule rafiki yangu wa chuo tuliyekuwa tukimwita Mhasibu kwa jinsi alivyokuwa akihesabu maneno ya watu. Sasa ni ofisa utumishi wa hospitali yenu, na kumbe alikuwa mmoja wa waliokusaili. Akanishika mkono akanishukuru. Akasema walishakubaliana wakuchukue wewe, hadi mmoja wao alipofungua kwenye simu ile makala uliyokuwa umeiweka kwenye wasifu wako kabla haijaondolewa, akakuta haipo tena, akasoma maelezo niliyoandika. Akasema mtu anayenakili kadi moja mara mbili hawezi kukabidhiwa kumbukumbu za wagonjwa. Kisha Mhasibu akanipigapiga begani akasema watu wakweli kama mimi wamebaki wachache, maana hata ndugu yangu wa tumbo moja sikumwonea haya.

Mdogo wangu, kwenye maktaba ile makala haifutwi. Ukiiondoa, ukurasa unabaki na jina lako, na chini yake wanakutaka uandike mstari mmoja wa sababu. Mimi nilitaka kujitoa kimasomaso. Nilikuwa na barua ya kupandishwa cheo mezani, na nikajiambia wakubwa wangu watausoma mstari ule, wala hakuna muuguzi atakayeusoma. Nikaandika hivi: "Imeondolewa kwa sababu baadhi ya kadi zilirudiwa na mnakili." Mnakili ni wewe, makala yenyewe inasema hivyo. Hukurudia hata kadi moja. Aliyezigawa kadi ni mimi, kwa haraka, niwahi kutazama mpira. Nilidhani nimetupa jongoo na mti wake, kumbe nimekutupia wewe.

Na lililo baya zaidi ni kwamba aliponishukuru, nilimwambia kazi ni kazi. Nikachukua mitihani yangu nikaondoka. Nilifika hadi kituo cha basi, nikayaacha mabasi matatu yapite.

Alhamisi niliwaandikia watunzaji wa maktaba nikiomba mstari ule ufutwe. Wakanijibu kwamba kilichoandikwa hakiondoki, ila naweza kuweka maelezo mapya juu yake, na yote mawili yataonekana pamoja na tarehe zake. Nimeyaweka. Yanasema kosa ni la mwandishi wa kwanza peke yake, kwamba alichanganya kadi za kufundishia na za kupimia, na kwamba aliyenakili hakukosea. Nakala nimempelekea mkuu wangu wa idara, aliyeisoma akiwa amesimama, akasema tutazungumza. Cheo sidhani kama kipo tena.

Jana nikaenda ofisini kwa Mhasibu. Safari hii hakunipa mkono. Alisema waliyemchagua hajaripoti bado, na kwamba wanaweza kukaa tena, ila rufaa haipokelewi kutoka kwa kaka wa mtu. Ni lazima uiandike wewe mwenyewe, uambatanishe ushahidi, na ifike kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo saa sita mchana. Ndiyo sababu barua hii nimeipeleka kwa mjumbe wa pikipiki badala ya posta.

Ukurasa wa maktaba nimeuchapisha, umo ndani ya bahasha. Barua hii nayo iambatanishe, yote. Najua ulivyo, utataka kuificha aya ya mpira, na ile ya kituo cha basi, ili usiniaibishe mbele ya wageni. Usikate hata neno. Waisome hadi habari za kiti.

Kuhusu mimi na wewe, sikuombi uniambie "sawa kaka". Ukitaka kunyamaza, nyamaza kadiri utakavyo. Mama akikuuliza kwa nini hunipigii simu, msomee, na hii usiipunguze.

Wifi yako anakusalimu. Nimemweleza yote, naye jana alihamishia sahani yake upande wa pili wa meza, mbali nami. Wabusu watoto.

Ni mimi kaka yako,
mwandishi wa kwanza.